Jasho la Nailoni

Nakumbuka harufu kwanza, siku yenyewe inafuata baadaye. Ilikuwa harufu ya ulezi uliovunda, asubuhi moja mvua za kupandia zilipoanza, kule kijijini Mpui. Wanawake wa kijiji walikuwa wamesimama na vikapu vyao wakisubiri mbegu, na wote wananitazama mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimevaa suruali pana miguuni kama ilivyokuwa fasheni ya wakati ule, na shingoni nimening'iniza kamera ya kuazima. Picha niliyoijia sikuipiga.

Mwanangu Domitila, najua wewe ni mjukuu wangu, na mjukuu ni wa kutaniwa, si wa kukalishwa chini na kupewa nasaha. Utani tutaurudia ukija likizo. Leo nakuita mwanangu kwa sababu ninachotaka kukuambia hata mama yako sijawahi kumwambia. Naye ndiye atakayezipiga picha karatasi hizi akutumie kwenye simu, kwa hiyo atasoma. Na asome tu.

Juzi ulinitumia picha ya kibao ulichokitengeneza huko chuoni kwa mabua ya mahindi yaliyoshikwa na utando wa uyoga. Nikamwonyesha bibi yako, akauliza kama kinaliwa. Halafu ukapiga simu ukasema walimu wako wanataka uandike ukurasa mmoja, ueleze kwa nini umechagua kufanya kazi na malighafi mpya badala ya mbao na chuma kama wenzako. Ukasema umekaa siku tatu na karatasi nyeupe. Ukaniuliza, "Babu, na wewe si ulisomea ubunifu enzi za Ujamaa? Uliandika nini?" Nikakujibu mtandao unasumbua, nikakata simu.

Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nasumbua.

Basi nisikilize. Wakati huo malighafi mpya ilikuwa nailoni. Usicheke. Leo nailoni imezagaa kila mtaro, lakini siku hizo karatasi ya nailoni ilikuwa kitu cha ajabu. Unaishika, ni nyepesi, inaonyesha ng'ambo, maji hayapiti, panya akiigusa anateleza. Mwalimu wetu huko Dar es Salaam alileta kipande darasani akasema taifa linahitaji vijana wa kubuni vitu vipya kwa vitu vipya. Nikaona hapo ndipo pangu.

Ila kuna jambo lilitangulia, na ndilo lenye mzizi wa yote. Mwaka wa kwanza chuoni tuliulizwa kila mmoja ameanzia wapi ufundi wake. Mwenzangu mmoja akasema karakana ya baba yake, mwingine akasema cherehani ya mjomba. Mimi, kwa ushamba wangu, nikasema ukweli. Nikasema nimeanzia kwa mama yangu mkubwa, Kalista, aliyenifundisha kukanda udongo na kinyesi cha ng'ombe na kukandika kihenge cha kuhifadhia ulezi. Darasa zima likaangua kicheko. Kwa miezi kadhaa walikuwa wakipita karibu yangu wanaziba pua. Nilicheka nao, maana ukikasirika ndio wanazidi, lakini moyoni nililia. Nikajiapiza kwamba mikono yangu haitashika tena udongo ule.

Mama mkubwa Kalista alikuwa dada wa mama yangu, mjane, mwembamba, hapendi maneno mengi. Mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyenilea. Na alikuwa mtunza mbegu. Watu walipohamishwa kutoka vitongojini kuja kukaa pamoja katika kijiji cha Ujamaa, wengine walibeba milango, wengine walibeba mabati mawili matatu waliyokuwa nayo. Yeye aliacha mlango akabeba kibuyu cha mbegu ya ulezi kichwani, mbegu aliyoachiwa na mama yake. Ulikuwa ulezi mfupi, mwekundu wa kuiva, unaokomaa mapema kabla baridi ya hapa uwandani haijakaza. Miaka mitatu minne akauzalisha, akawagawia wanawake wa kijiji, nao kila mavuno wakawa wanamrudishia mbegu aitunze. Walimwamini. Katika kijiji kile kipya ambacho kila mtu alikuwa mgeni kwa jirani yake, mbegu yake ndiyo iliyomfanya awe mtu wa watu.

Alikuwa na taratibu zake. Kabla ulezi haujaingia kwenye kihenge aliuma punje chache kwa meno ya pembeni. Isipopasuka kwa sauti, ulezi unarudi juani. Na kila Jumamosi jioni, kabla ya kuoga kwa ajili ya misa ya kesho yake, alifungua kifuniko cha kihenge akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatulia hivyo kwa muda amefumba macho. Nilipokuwa mdogo nilidhani anasali. Nilipomuuliza akaniambia, "Nausikiliza. Ulezi ukianza kupata joto, mkono unajua kabla ya pua."

Sasa mimi mwaka wangu wa mwisho nikapewa kazi ya kwenda nyumbani kubuni kitu cha kuwafaa wanakijiji. Nikaandika karatasi yangu ya nia, kama hiyo wanayoitaka kwako. Maneno yake nayakumbuka yote, maana niliyakariri kwa majivuno. Niliandika kwamba nimechagua nailoni ili kumkomboa mwanamke wa kijijini kutoka katika zana duni. Mwalimu akapiga mstari chini ya neno kumkomboa, akaweka alama ya vema. Kichwa kikavimba.

Uongo mtupu, mwanangu. Mwanamke wa kijijini sikumfikiria hata kidogo. Nilikuwa nafikiria wale walioziba pua. Nilitaka kihenge kisichonuka, cheupe, kinachong'aa, nikirudi nacho chuoni kwenye picha waseme, kumbe Fidelis si yule wa kinyesi cha ng'ombe.

Nailoni niliipata Sumbawanga mjini, dukani kwa Mzee Salum, mfanyabiashara aliyekuwa pia na lori la mizigo. Nilimwamkia, akanitikia, akaniuliza naitaka ya nini. Nikamweleza kwa maneno marefu ya chuoni.

"Ulezi?" akasema, akaiweka mezani ile nailoni aliyokwisha kuanza kuikunja. "Mimi hii naifunikia chumvi na sukari kwenye lori, mvua ikinyesha. Lakini nikifika tu naifunua haraka. Kijana, hiki kitu kinatoka jasho. Usiku wa baridi ukikifunga kabisa, asubuhi ndani kumelowa, na mvua haikunyesha."

Nikamwambia, "Mzee, hii itafungwa kitaalamu."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye msomi."

Angalia hapo, Domitila. Yule mzee alikuwa ameishi na nailoni kuliko mwalimu wangu. Alikuwa ameifunika, ameifunua, ameikung'uta barabarani masika yote na kiangazi chote. Alinipa somo zima bure juu ya meza ya duka, na likaingilia sikio hili likatokea lile, kwa sababu tu hakuwa na chaki mkononi.

Nikajenga kihenge changu. Fremu ya fito zilizonyooka, ndani mfuko mkubwa wa nailoni niliouunganisha kwa pasi ya mkaa, nikiweka gazeti juu ili isishike. Kilipendeza, siwezi kukudanganya. Kilisimama katikati ya kijiji kiking'aa, na watoto walikuja kujitazama sura zao ndani yake. Mwenyekiti wa kijiji akafurahi, akaagiza mbegu yote ya kina mama iingie humo. Wageni kutoka wilayani wakaja, wakapiga makofi.

Siku ya kumimina, mama mkubwa aliuma punje zake kama kawaida. Zilipasuka vizuri, nilizisikia mwenyewe. Akamimina ulezi wake wote, hakubakiza hata wa kwenye kibuyu, kwa sababu wanawake wengine walikuwa wanasita na alitaka waone kwamba yeye hasiti. Alipomaliza akauliza, "Fide, kifuniko kiko wapi?"

"Hakuna kifuniko, mama mkubwa. Naufunga kabisa kwa pasi. Hewa isiingie, wadudu wasiingie, mpaka siku ya kupanda."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi hakuna haja. Hii si kama vile vya zamani."

Akaniuliza taratibu, watu wasisikie, "Mwanangu, hiki unamtengenezea nani?"

"Ninyi, mama mkubwa. Namtengenezea nani mwingine?"

Akaushusha mkono wake ambao alikuwa ameshaukunjia kitenge mpaka kwenye kiwiko. "Haya," akasema. Nami nikafunga kwa pasi, nikapiga picha, nikarudi Dar es Salaam siku tatu njiani nikiwa najiona nimekwisha kuwa mtu mkubwa.

Wewe umezaliwa huku, unajua kiangazi chetu. Mchana jua linachoma, usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Ulezi hata ukiwa mkavu unabaki na unyevu wake kidogo, na katika kihenge cha udongo unyevu huo unatoka polepole ukutani bila mtu kuona. Katika nailoni yangu haukuwa na pa kutokea. Mchana unapanda, usiku baridi inaugeuza matone kwenye nailoni, unadondoka juu ya mbegu. Hivyo hivyo kila siku, miezi minne. Hayo nilikuja kuyaelewa baadaye. Mzee Salum alikuwa ameyasema yote kwa maneno mawili.

Nilirudi mwanzo wa mvua ili nipige picha ya kufungua, ya kumalizia ripoti. Nikakata nailoni kwa wembe mbele ya watu wote. Ile harufu ikatoka kama kitu kilichokuwa kinasubiri mlangoni. Juu kulikuwa na ukungu mweupe, chini ulezi umeshikana mabonge meusi, na mwingine umeota vimea vyembamba vya njano visivyowahi kuona jua. Mama mkubwa akasogea, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, mara ya kwanza tangu siku ile. Akautoa umelowa. Akaufuta kwenye kitenge chake, polepole, kidole kwa kidole.

Skolastika, mwanamke kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni, ndiye aliyeuliza kwa sauti. "Jamani, nani ametufanyia hivi? Tutapanda nini?"

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua mdomo, lakini sijui ningesema nini, maana mama mkubwa alinitangulia.

"Ni mimi," akasema. "Sikuuanika ukakauka vizuri. Nilikuwa na haraka. Kijana msimlaumu, kazi yake ni nzuri."

Kila mtu pale alijua kwamba Kalista hajawahi kuingiza ulezi mbichi tangu azaliwe, lakini mtu akikiri mwenyewe utambishia nini? Wakaanza kunung'unika, kwanza chinichini, kisha waziwazi. Mmoja akasema uzee umeanza kumwingia. Nami nikasimama pale na kamera yangu shingoni, nikaacha apigwe na maneno yaliyokuwa yangu. Sikusema kitu. Hata kukohoa sikukohoa.

Kesho yake asubuhi akanisindikiza barabarani kusubiri gari. Alinibebea mfuko, mimi kijana mzima, na hakunipa mpaka gari lilipoonekana likija na vumbi lake. Ndipo akasema, "Fide, nimekusitiri mbele za watu kwa sababu wewe bado una safari ndefu na mimi yangu imebaki fupi. Lakini mbele ya nafsi yako siwezi kukusitiri. Ulinikataza mkono wangu. Basi. Nenda kule, ukaandike ukweli."

Unajua nilikwenda kuandika nini?

Niliandika kwamba jaribio lilikumbwa na tatizo kutokana na wakulima kutokausha nafaka ipasavyo. Niliandika hivyo kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini kwa rula. Mwalimu akanisifu mbele ya darasa kwamba nimekuwa mkweli kueleza matatizo bila kuyaficha, nikapewa alama za juu kuliko wote. Wale walioziba pua wakanipigia makofi. Nilikuwa nimeisubiri siku ile kwa miaka mitatu, na ilipofika nilitamani iishe.

Likizo iliyofuata nilichukua baiskeli nikazunguka vijiji vya jirani, Pito na Mollo, nikaingia nyumba kwa nyumba nikiulizia ulezi mfupi unaoiva mapema. Wanawake walinipa ulezi wa kila namna, kwa ukarimu kabisa. Nilimpelekea mama mkubwa kwenye vifungo vya nguo, yeye akafungua kimoja kimoja, akauma, akasema asante, huu ni ulezi, lakini si ule. Ule haukuonekana tena. Mpaka leo nikipita shambani kwa watu mwezi wa tano naangalia masuke, mzee mzima, kama mtu aliyedondosha sarafu.

Na wale wanawake hawakumpelekea tena mbegu. Kila mtu akatunza yake nyumbani kwake. Jumamosi jioni Kalista alikuwa akikaa mlangoni mikono mapajani, haina pa kuingia. Hilo nililiona kwa macho yangu, na bado sikusema.

Ubunifu niliuacha. Nikawa mwalimu wa useremala hapa Sumbawanga, ndiyo kazi mnayonijua nayo. Mama mkubwa alifariki mama yako akiwa bado mtoto wa kubebwa. Kwenye matanga watu walimsifu sana, kisha Skolastika akatikisa kichwa akasema, "Kalista alikuwa mtu, Mungu amrehemu. Ila ule ulezi alituharibia." Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na kikombe cha chai mkononi. Nilikunywa chai. Mwanangu, katika makosa yangu yote, lile la nailoni ni la ujana na naweza kulisamehe. La kikombe kile cha chai nilikuwa mtu mzima, na sijalisamehe mpaka leo.

Sasa turudi kwenye ukurasa wako. Sikuandikii haya ili uache uyoga wako urudi kwenye mbao. Ningekuwa na chuki na vitu vipya ningekuwa nimejifunza nusu tu. Nailoni haikuwa na kosa. Kwenye lori la Mzee Salum ilifanya kazi yake vizuri miaka yote. Kosa lilikuwa langu, la kuipenda kwa sababu ya aibu.

Kwa hiyo kabla hujaandika, kaa ujiulize unamkimbia nani. Ukiona unachukua kitu kipya kwa sababu unaona haya kwa kile ulicholelewa nacho, weka kalamu chini kwanza. Usiandike kwamba unataka kumkomboa mtu ambaye hujamuuliza. Andika ulichokipenda kweli. Mimi nakijua, hata kama wewe umesahau. Ulipokuwa na miaka mitano ulikaa nyuma ya jiko asubuhi nzima unautazama uyoga ulioota kwenye gogo, ukaja kuniuliza kama gogo limefufuka. Hiyo sababu inatosha ukurasa. Walimu wakiiona ni ya kitoto, shauri yao.

Halafu ukitengeneza kitu, wasikilize wanaokigusa kila siku hata kama hawajui jina lake la kitaalamu. Acha mahali ambapo mkono wa mwenye kukitumia unaweza kuingia, ashike mwenyewe, ajue hali yake. Usimfungie mtu nje ya kitu chake kwa pasi. Na kikiharibika, kwa sababu siku moja kitaharibika, sema wewe mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla mtu anayekupenda hajakuwahi.

Kesho ni Jumamosi. Bibi Skolastika bado yupo, macho hayaoni vizuri lakini masikio mazima. Nitapanda gari la asubuhi niende Mpui, nitamwamkia, nitakaa, nami chai nitaikataa mpaka nimemaliza kusema. Nitamwambia ulezi wa Kalista ulikuwa mkavu. Nilizisikia punje zikipasuka.

Mungu akubariki, mwanangu, akubarikie na hiyo mikono. Akupe kazi ambayo hutaogopa kuifungua mbele za watu, na akikupa kuikosea, akupe na sauti ya kusema, ni mimi.